Kabla ya kusasisha programu yako ya hesabu: namna ya kuweka bekapu inayorudi

Jumatatu moja asubuhi nilifungua duka hapa Kondele, Kisumu, nikamuuzia mtu wa boda tyubu ya nyuma, nikatoa simu niandike. Programu yangu ya hesabu ilikuwa imebadilika sura usiku. Rangi mpya, maandishi makubwa, na pale palipokuwa na kitufe cha bekapu, yaani nakala ya akiba ya hesabu, pana picha ya wingu lenye kufuli. Ukiigusa unaambiwa ulipie kila mwezi. Mpwa wangu alikuwa kaunta akinywa chai. "Anko, hiyo imekwama tu. Ifute uiweke upya." Nikaifuta, nikaiweka upya. Ikanikaribisha kama mgeni na kuniomba nifungue akaunti yangu ya kwanza.

Miaka miwili ya hesabu za spea, karo, kodi ya nyumba na michango ya chama (kikundi chetu cha kuchangishana) ilikuwa imekwenda, pamoja na folda ya bekapu niliyokuwa nikijivunia mbele ya watu. Nilichookoa ni faili moja niliyojitumia kwa barua pepe siku niliyobadilisha simu, wiki saba kabla. Hizo wiki saba ndizo zilizonifundisha haya. Ukiwa na haraka, soma hatua ya 4 kisha urudi kwa nyingine baadaye.

Hesabu zako zimelala wapi?

Swali hili watu hulipita, na ndilo linaloamua mengine yote. Kama programu haikuwahi kukuuliza barua pepe wala nenosiri, basi hesabu zako ziko ndani ya simu peke yake, kwenye hifadhidata ndogo usiyoiona. Kama unaingia kwa nenosiri na unazikuta hesabu zilezile kwa simu ya mwingine, ziko kwa seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mtandaoni, na simu yako ni dirisha tu. Programu za laptopu kama GnuCash, HomeBank au Money Manager Ex huweka faili unayoiona kwa macho, unaweza kuinakili utakavyo. Mimi napenda hizi za mwisho, ingawa hazina urembo.

Folda yangu ilipotea kwa sababu moja ambayo hakuna aliyenieleza wakati huo. Zamani programu ya Android iliweza kuandika faili karibu popote kwenye hifadhi ya simu, kwa hiyo bekapu zilikaa kwenye folda ya wazi, na hata programu ikifutwa folda hubaki. Kuanzia Android 11, iliyotoka 2020, Google ilibana ruhusa hiyo. Programu nyingi zilipofuata kanuni mpya, zilihamishia bekapu kwenye njia ya Android/data, chini ya jina la programu yenyewe. Ile ni nyumba ya programu. Programu ikifutwa, simu hubomoa na nyumba. Bekapu yangu ilikuwa imelala kitanda kimoja na kitu ilichotakiwa kukikinga, na sasisho fulani ndilo lililoihamisha bila kunigutusha.

Najua utasema simu yako huweka bekapu Google kila siku. Fungua mipangilio uangalie tarehe ya mwisho. Ile bekapu ya kujiendesha husubiri simu iwe imetulia, saa 24 ziwe zimepita tangu ile ya mwisho, na simu iwe kwenye Wi-Fi, isipokuwa umeiruhusu kutumia data ya laini. Sisi tunaoishi kwa bando, tukiiona Wi-Fi pale kwa saiba (duka la intaneti) tu, tunaweza kukaa miezi bila bekapu hata moja. Isitoshe, kila programu hupewa nafasi ya MB 25 pekee, na mtengenezaji anaweza kukataa programu yake isiwekwe humo kabisa. Watengenezaji wengi wa programu za pesa hukataa kwa sababu za usalama. Na simu ikikaa bila kutumika siku 57, data ile inaweza kufutwa. Kwa hiyo usiihesabu. Ikikusaidia, shukuru.

Jambo la pili ni kusawazisha (sync), yaani hesabu kufananishwa kwenye simu na laptopu kupitia mtandao. Masasisho mengi siku hizi huondoa neno bekapu na kuweka usawazishaji, kana kwamba ni kitu kimoja. Kusawazisha ni kioo: ukifanya kosa huku, kosa linaonekana na kule. Mtoto wangu aliwahi kuchezea simu akafuta pochi nzima (akaunti moja ndani ya programu) ya mradi wa kuku. Kabla sijamnyang'anya, kwenye laptopu kuku pia walikuwa wameshakwisha. Bekapu ni picha ya jana isiyojua umefanya nini leo.

Hatua ya 1: Zuia sasisho la usiku

Fungua ukurasa wa programu hiyo ndani ya Play Store, gusa nukta tatu za juu kulia, ondoa alama ya tiki kwenye sasisho la kujiendesha. Hii huzuia programu hiyo moja tu, nyingine zitaendelea kama kawaida. Kwa iPhone swichi iko kwenye mipangilio ya App Store na inagusa programu zote kwa pamoja, kwa hiyo utachagua mwenyewe.

Sisemi usisasishe kamwe. Programu ya zamani ina matundu ya usalama, na hizi ni pesa. Nasema sasisho lije siku unayoitaka wewe, kwa sababu kurudi nyuma ni kugumu: Android haikubali toleo la zamani kukaa juu ya jipya mpaka ufute lile jipya kwanza, na kufuta ni kule kubomoa nyumba nilikokwisha kueleza.

Hatua ya 2: Toa nakala mbili zisizofanana

Nakala ya kwanza ni faili ya bekapu ya programu yenyewe. Hii hubeba kila kitu: pochi, bajeti, makundi ya matumizi, uhamisho kutoka M-PESA kwenda benki, picha za risiti. Ubaya wake ni kwamba ni programu hiyo pekee inayoielewa, na wakati mwingine toleo lile lile pekee.

Nakala ya pili ni CSV, yaani orodha ya miamala kwa maandishi ya kawaida. Hufunguka kwa Excel, kwa LibreOffice, hata kwa programu ya kuandikia barua. Hupoteza mengi: bajeti haziji, na uhamisho kati ya pochi mbili mara nyingi hugeuka kuwa tumizi moja na pato moja visivyojuana. Lakini CSV haifi na kampuni. Microsoft iliacha kuuza Microsoft Money Juni 2009. Mint ya Intuit kule Marekani ilifungwa Machi 2024. Aliyekuwa na CSV alihamia penginepo na miamala yake mkononi, na aliyekuwa na nenosiri tu alibaki na nenosiri.

Zipe faili majina yanayojieleza, mwaka ukitangulia: duka-2025-06-28-kabla-ya-sasisho. Mwaka ukiwa mbele, faili hujipanga zenyewe kwa tarehe kwenye folda.

Halafu angalia ukubwa. Usiruke hapa. Mama mmoja wa chama chetu ana kibanda cha nafaka Kibuye, na programu yake ilimwambia kila usiku kwamba bekapu imekamilika. Nilipochukua simu yake tukafungua folda pamoja, orodha ilisomeka hivi: KB 412, KB 415, KB 415, KB 419, kisha 0, 0, 0, 0, mpaka chini. Tarehe ya sifuri ya kwanza ilikuwa siku ya sasisho. Programu ilikuwa imepoteza ruhusa ya kuandika, ikawa inaunda jina la faili na kushindwa kutia kitu ndani, huku ikitoa ile alama ya kijani. "Kwa hivyo imekuwa ikinidanganya?" akauliza. Nikamwambia haikuwa inadanganya, ilikuwa haijitazami. Faili ya bekapu inatakiwa ikue kidogo kidogo kadiri unavyoandika. Ikipungua ghafla, simama.

Kwa CSV, ifungue uitazame kwa macho yako. Excel iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani husoma 03/04/2025 kuwa tarehe 4 Machi, nasi tulimaanisha 3 Aprili. Namba za simu hupoteza sifuri ya mbele. Kwa hiyo ifungue kutazama tu, usiihifadhi upya. Ukitaka kuichezea, chezea nakala yake.

Hatua ya 3: Itoe kwenye simu

Kanuni inayojulikana duniani ni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa mtu wa kawaida hapa Kisumu hiyo ni simu, flashi na barua pepe, basi. Flashi ya GB 16 inatosha hesabu za ukoo mzima. Faili yangu ya miaka miwili haikufika MB 3. Google nayo hutoa GB 15 za bure, ingawa unazigawana na barua pepe na picha, na picha za harusi ndizo huzijaza.

Programu ikisema imeweka bekapu kwenye Google Drive, ingia Drive uitafute. Usipoiona, huenda imewekwa kwenye sehemu iliyofichwa ya programu, ambayo huwezi kuifungua wala kuinakili. Sehemu hiyo inafaa kurudishia ndani ya programu hiyo hiyo tu. Nakala yako ya kweli ni ile unayoweza kuishika na kuituma.

Flashi isikae kwenye mkoba mmoja na laptopu. Mwizi habagui. Na kama wewe ni mweka hazina wa chama, faili ina majina, namba za vitambulisho na madeni ya watu, na Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Ifunge kwa nenosiri ukitumia 7-Zip, programu ya bure ya kompyuta, kabla ya kuitia flashi, na nenosiri uliandike kwenye karatasi iliyo nyumbani. Siku utakayoihitaji utakuwa umechanganyikiwa, hutalikumbuka.

Usiharakishe kufuta za zamani. Mwenye biashara anatakiwa na sheria ya taratibu za kodi ya 2015 atunze kumbukumbu zake miaka mitano. Mimi hubakiza ya mwisho ya kila mwezi.

Hatua ya 4: Irudishe

Hapa ndipo karibu wote hukomea. Wana faili, hawajawahi kuirudisha, wanaiita bekapu.

Tafuta simu ya pili. Ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka inafaa kabisa, alimradi inawaka. Usijaribie kwenye simu unayotumia! Programu nyingi zikirudisha, hazichanganyi faili na yaliyopo, hufuta yaliyopo kwanza. Nimemwona mtu akirudisha faili ya Februari "kujaribu tu" mwezi wa Mei.

Kabla ya kuanza, chukua karatasi na uandike kutoka simu yako vitu vinne. Salio la kila pochi. Jumla ya matumizi ya mwezi uliopita. Muamala wa mwisho kabisa, na wa kwanza kabisa. Sasa weka programu kwenye simu ya pili, tia faili kutoka kwenye flashi, gusa kurudisha, na linganisha na karatasi.

Nilipofanya hivi mara ya kwanza, salio zote zililingana isipokuwa ya chama, iliyozidi kwa shilingi 3,600. Nilizunguka nayo jioni nzima. Kumbe nilikuwa na miamala iliyopangwa kujirudia kila mwezi, michango ya watu 18 ya shilingi 200, na programu iliporudishwa ilidhani tarehe ya mchango imefika tena, ikaandika yote upya. Bekapu yenyewe ilikuwa sawa, tatizo likawa kwenye miamala ya kujirudia. Tangu hapo, nikimaliza kurudisha naikagua kwanza kabla ya kusema chochote kuhusu bekapu.

Makundi ya matumizi pia yaangalie. Wakati mwingine "Spea" na "spea" huwa makundi mawili. Ni kasoro ndogo inayovuruga ripoti za mwaka.

Huna simu ya pili? Azima kwa dakika ishirini, na ukimaliza futa programu hiyo kwenye simu ya watu.

Hatua ya 5: Sasisha ukiwa na nafasi

Subiri wiki moja au mbili baada ya toleo kutoka, ukisoma maoni ya watumiaji, mapya yakitangulia. Tafuta maneno kuhusu bekapu na kurudisha, achana na wanaolalamikia rangi. Usisasishe siku ya mkutano wa chama, wala mwisho wa Juni ukiwa unawasilisha ritani ya kodi. Betri ijae, usiitegemee stima sana, na bando liwe la kutosha.

Ukishasasisha, rudi hatua ya 2 papo hapo. Toa bekapu mpya, uone inaangukia folda gani sasa, ina ukubwa gani, na kama bado CSV inatoka bila kulipia. Iweke kando ya ile ya kabla ya sasisho, usiiandike juu yake. Huenda kosa la toleo jipya ukaligundua baada ya mwezi.

Na kama kitufe kimehamia upande wa kulipia? Kulipia si dhambi, waliotengeneza nao wanakula. Lakini lipa kwa sababu unaipenda programu, si kwa sababu hesabu zako zimeshikwa rehani. Kama CSV yako unayo, una hiari hiyo.

Wa laptopu

GnuCash ikihifadhi kwa mtindo wake wa kawaida wa XML, kila unapohifadhi huacha faili ya ziada yenye tarehe na saa kwenye jina, pamoja na faili za log, yaani kumbukumbu za mabadiliko. Kwa kawaida hizo huzifuta zikipita siku 30, na unaweza kuongeza siku kwenye mapendeleo. Ukichagua SQLite, aina ya hifadhidata, hakuna bekapu za aina hiyo zinazoachwa, na kila badiliko huandikwa hapo hapo. Wengi hawajui tofauti hii. Na vyovyote iwavyo, zote hukaa folda moja na faili kuu. Laptopu ikiibwa pale stendi, zimekwenda zote.

Ikiwa tayari limekufika

Usifute programu. Usiguse kile kitufe cha kufuta data. Mpwa akisema aiweke upya, mpe chai nyingine.

Zima data ili usawazishaji usiendelee kuharibu. Kisha unganisha simu na kompyuta kwa waya, uingie Android, data, utafute jina la programu. Meneja wa faili wa simu huzuiwa kuona humo, lakini kwa waya mara nyingi hupaona. Nakili folda nzima kama ilivyo.

Ukipata faili ya bekapu ambayo toleo jipya linaikataa, ifungue kwa Notepad utazame mwanzo wake. Ukiona maneno "SQLite format 3" yakifuatwa na takataka, umepona: ni hifadhidata ya kawaida, hata kama mwisho wa jina lake ni wa ajabu. Inakili, uifungue nakala kwa DB Browser for SQLite, programu ya bure. Utaona majedwali, mojawapo likiwa na tarehe, kiasi na maelezo. Litoe kama CSV. Tarehe zinaweza kuonekana kama namba ndefu kama 1718000000, ambazo ni sekunde tangu 1 Januari 1970. Kijana yeyote wa saiba anayejua Excel atakugeuzia.

Ikishindikana, jenga upya kutoka M-PESA. Omba taarifa kamili kwa programu ya M-PESA au *334#. Huja kwa barua pepe kama PDF iliyofungwa. Mwenye Till, namba ya kupokelea malipo ya biashara, ana taarifa yake ya pembeni, asiisahau. Ndani utaona namba ya risiti, muda, maelezo, pesa iliyoingia, iliyotoka na salio. Mtego uko kwenye ada: ada ya kutuma huandikwa mstari wake wenyewe, ikitumia namba ile ile ya risiti na muamala wake mkubwa. Ukiingiza kwenye programu inayozuia marudio kwa namba ya risiti, itazitupa ada zote, na salio lako halitakaa sawa hata ufanye nini. Ongeza herufi moja mwishoni mwa namba ya kila ada kabla ya kuingiza.

Wiki zangu saba za M-PESA nilizirudisha kwa jioni tatu. Za pesa taslimu ndizo hazikurudi, na humo ndimo yalimokuwa madeni ya watu wa boda. Niliwapigia mmoja mmoja. Wengi walitaja deni lao bila kusukumwa, wawili walitaja zaidi ya nilivyokumbuka. Mmoja alikuja dukani mwenyewe, akaegemea kaunta. "Mzee, ile cheni nilikulipa keshi, si unakumbuka? Siku ya mvua." Mvua naikumbuka. Nimemwandikia amelipa.